Risasi Sita za Akiba

Gadiel hakuzaliwa na bastola mfukoni, hilo tuliweke wazi kabla hatujaanza kumsema. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa, kijijini kwao juu ya Usa River, kalamu sikioni, na silaha kali kuliko zote aliyowahi kubeba ilikuwa wembe wa kuchongea penseli. Mwenyekiti wa chama hicho alikuwa Sifael, kaka yake wa tumbo moja. Watu waliwatania kwamba mdogo anapima, mkubwa anapiga muhuri, na mama yao anawachemshia chai wote wawili.

Kisha ikatoka ruhusa watu binafsi nao wanunue kahawa. Jamani, mlikuwepo nyie? Mtu aliyekuwa jana anauza vitumbua Tengeru, leo anajiita mnunuzi, ana kofia na anaongea kwa kukata maneno. Kampuni moja ya Arusha mjini ikamtafuta Gadiel, kwa sababu alimjua kila mkulima, nani anaanika vizuri na nani anachanganya na changarawe. Akaacha kazi ya chama wiki hiyohiyo bila hata kumuaga kaka yake. Msimu ulipoanza akapanda na pikapu ya kampuni hadi mbele ya mlango wa chama, mlango uleule, akatundika mizani yake upande wa pili wa barabara na kulipa papo hapo. Chama kililipa kwa mafungu, na fungu la mwisho lilikuja mtu ameshasahau aliuza nini. Sasa mlitegemea wakulima wafanye nini? Walivuka barabara.

Bastola ilikuja mwaka uliofuata. Mnunuzi mwenzake alivamiwa karibu na Kikatiti, mchana kweupe, akakatwa panga la bega na mfuko ukaenda. Gadiel akaomba kibali. Wakamzungusha ofisi hii na ofisi ile miezi minne, akatoka na kitu kidogo kisichozidi kiganja, kile chenye tumbo la kuzunguka, kinachomeza risasi tano. Kikakaa mfuko wa kulia wa suruali. Na kwa kuwa mwoga hatosheki, akanunua sita nyingine za akiba. Mwanzoni alizibeba zikiwa huru ndani ya koti, zikawa zinagongana anapotembea, mpaka bibi mmoja kwenye foleni ya mizani akamuuliza kama siku hizi yeye ndiye anayeshika funguo za kanisa. Watu walicheka sana. Toka siku hiyo akawa anazifunga ndani ya leso, kimya kabisa, mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo.

Niseme ukweli, majambazi hawakumgusa hata siku moja. Ila ile bastola ilimharibu mkono. Mkono wake wa kulia ulihamia mfukoni ukakaa huko, asubuhi mpaka jioni, na mtu akija kumsalimu anapewa wa kushoto. Wa kushoto! Wazee walioshika mkono wa baba yake, anawapa wa kushoto kama anawafukuza nzi. Alimpa hata mama yake. Mama Sifael aliutazama ule mkono, hakuupokea, akaendelea kumenya ndizi zake mpaka mwanawe akaurudisha mwenyewe.

Siku ya ugomvi, Sifael alivuka barabara akiwa na shati lake la mwenyekiti, foleni nzima ikitazama. Hakuja kupiga mtu. Alisema tu kwamba chama kile walikijenga baba zao kwa kubeba mawe mgongoni, na kwamba haoni aibu gani ingemkuta Gadiel kama angetundika mizani yake kijiji kingine.

"Kahawa haina ukoo, kaka," Gadiel alijibu. "Anayelipa ndiye anayebeba."

"Nakuuliza kuhusu wewe, sijakuuliza kuhusu kahawa."

Hapo Gadiel akatoa kile kitu. Hakumwelekezea, hapana, tusimzulie. Alikitoa akakiweka mezani, kando ya daftari la mizani, akasema, "Endelea kuongea."

Foleni ikatawanyika yenyewe. Sifael alikitazama, akamtazama mdogo wake, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Baba angekuwepo, ungemwekea na yeye?" Kisha akarudi ng'ambo, akafunga mlango wa chama mapema siku hiyo. Hawakusemeshana tena. Mama yao alituma neno kwamba Gadiel asikanyage jikoni kwake mpaka atakapomwomba radhi kaka yake. Neno dogo tu, samahani kaka, watoto wanalisema kutwa mara kumi. Gadiel alilimeza miaka miwili. Alipotamani loshoro, yale makande ya maziwa ya mgando ya jikoni kwa mama, alikula ya kununua sokoni Tengeru, amesimama, akijifanya ana haraka.

Halafu Sifael akafa. Presha, walisema hospitali. Alianguka katikati ya mistari ya kahawa yake akiwa anakata matawi, na mkewe Penina alipomfikia alikuwa ameshakata kauli. Kijiji hakikuhitaji kusikia habari za presha. Kijiji kilisema Gadiel amemuua kaka yake bila kupoteza hata risasi.

Wazee wa ukoo walikaa jioni ileile wakaamua kwamba Gadiel akija asimame barabarani na wageni wa mbali, na udongo asiutupe. Mama Sifael aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Alikuwa na miaka themanini kasoro, lakini alipofungua mdomo wanaume waliacha kukohoa.

"Sifael hana ndugu mwingine wa kiume," alisema. "Nikishatupa udongo mimi, anatupa Gadiel. Na akishautupa, yeye ndiye atakayesimamia shamba hili na watoto wa kaka yake, kama ilivyofanyika kwa baba yao na kwa babu yao. Au mnataka nimpe nani? Mbuzi?"

"Mama, na kile kitu chake?" mzee mmoja aliuliza.

"Atakuja bila kile kitu. Nawaahidi mimi. Akija nacho, nifukuzeni na mimi."

Wazee hawakupenda, ila walikubali. Kesho yake akamtuma binti yake wa mwisho, Ndeshi, ashuke Arusha mjini kumpelekea kaka yake ujumbe.

Ndeshi alimkuta Gadiel nyumbani kwake Ngarenaro, amekaa sebuleni na viatu miguuni, hajanyoa. Hakukaa. Chai aliyowekewa hakuigusa.

"Shikamoo kaka. Mazishi Jumamosi saa nane. Mama anasema uje mikono mitupu."

"Marahaba. Anaposema mikono mitupu..."

"Usijifanye hujaelewa. Kaka Sifael yuko kwenye friji, mimi sina nguvu za kuzungushana na wewe." Macho ya Ndeshi yalikuwa mekundu, na chuki iliyokuwamo humo hakujaribu kuificha. "Wazee wamekukataa. Mama ameweka jina lake mbele yao kwa ajili yako, wewe uliyempa mkono wa kushoto. Ukimwaibisha hana pa kuweka uso, na wewe huna kwenu tena. Umesikia?"

"Nimesikia, Ndeshi. Nitaiacha."

"Haya. Mimi nilimwambia asikuite kabisa, ujue hilo."

Akaondoka. Gadiel alibaki anatazama ile chai mpaka ikashika utando. Naomba mniamini, mtu huyu alitaka kurudi kwao. Usiku ule alimwambia mkewe Irine kwamba akipewa nafasi ya kutupa udongo, atamwambia kaka yake lile neno hapo hapo kaburini, hata kama watu watasikia. Irine alikuwa amechoka na bastola chini ya mto kwa miaka miwili. Alimwambia afadhali amwambie kaka yake akiwa maiti kuliko kutomwambia kabisa.

Jumamosi asubuhi alipitia kituo cha polisi, akaikabidhi bastola na zile tano zilizokuwamo tumboni, akapewa karatasi yenye muhuri. Alitoka anajipapasa paja njia nzima, suruali imekuwa nyepesi, hajui mkono wa kulia auweke wapi. Alijisikia uchi, na alijisikia vizuri, vyote kwa pamoja.

Na zile sita? Zile sita alizisahau. Bastola aliivua kila usiku akailaza chini ya mto, kwa hiyo aliikumbuka. Ila ile leso haikuwahi kutoka kwenye koti, na koti lenyewe ndilo hilohilo, jeusi, la kazini, la kanisani na la msibani. Kitu kikikaa kifuani miaka miwili, uzito wake unakuwa wako. Angeulizwa kwa kushtukizwa ana nini mfukoni, angejibu leso, tena bila kuona kama amedanganya.

Alipofika kwao watu walimpisha, na hawakumpisha kwa heshima. Benchi alilokaribia lilijikuta tupu. Vijana waliochimba kaburi, wameegemea makoleo yao pembeni ya migomba, walimtazama kuanzia viatuni hadi usoni na hakuna aliyetamka pole. Mmoja alitema mate, akayafukia kwa mguu taratibu ili aonekane anavyoyafukia.

Mama yake alikuwa mlangoni, wazee watatu wa ukoo wamesimama nyuma yake.

"Shikamoo mama," Gadiel alisema, akatoa mkono wa kulia.

Mama Sifael aliutazama ule mkono kwa muda. Kisha akaushika kwa mikono yake yote miwili. "Marahaba, mwanangu. Umekiacha?"

"Nimekiacha, mama. Kiko polisi. Karatasi hii hapa."

"Mimi sijui kusoma karatasi. Vua koti nilishike, niwaonyeshe hawa, tuyamalize."

Eeh, Gadiel! Hapo ndipo ungesema ndiyo mama, ukavua, na yote yangeishia kwenye kile kizingiti, wewe na mama yako na leso moja, pengine mngecheka baadaye. Lakini alinyanyua macho akawaona wale wazee wamekunja mikono, akaona vijana wa makoleo wamenyoosha shingo, na kile kiburi kilichomla miaka miwili kikaamka.

"Mama, nina miaka arobaini na sita. Unipekue mbele ya watu kama mwizi wa kuku? Nimekwambia sina kitu. Neno langu halikutoshi?"

Mama yake aliuachia mkono wake. Halafu akasema, "Linanitosha." Akageuka kwa wazee, akapaza sauti ili na wale wa migombani wasikie. "Hana kitu. Nasema mimi."

Ibada ikaenda vizuri. Mchungaji alikuwa mtu wa maneno machache, kwaya ikaimba, jeneza likashushwa kwa kamba mpaka likatulia chini. Ndeshi alishika sahani ya bati yenye udongo. Mchungaji akatupa, mama akatupa, kisha ile sahani ikasimama mbele ya Gadiel.

Alichota kwa mkono wa kulia. Akatupa. Udongo ukaanguka juu ya mbao, na hakuna aliyepiga kelele. Kazi ilikuwa imekwisha, angerudi nyuma hatua mbili tu angekuwa amerudi kwao. Lakini alikuwa amejiahidi kusema lile neno.

"Kaka," alianza. "Sifael. Samahani..."

Na machozi yakamshika. Sizungumzii yale ya kufuta kwa kidole. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka, mtu mzima na mvi zake, na hakujali nani anamwona. Jamani, hata wenye roho ngumu waliingiwa na kitu. Mzee mmoja wa wale watatu alivua kofia. Penina, mjane, aliyekuwa hajamtazama tangu afike, alinyanyua uso akasema kwa huruma kabisa, "Jikaze, shemeji." Ndeshi naye akaanza kulia. Kamasi na machozi vilikuwa vinamtiririka Gadiel mpaka kidevuni, akaingiza mkono ndani ya koti, upande wa moyo, akavuta leso, na fundo lake likaachia.

Ya kwanza iligonga jeneza ko. Kisha zikafuata nyingine, ko, ko, moja ikaruka ukingoni ikatumbukia pembeni. Zikatulia juu ya mbao zinang'aa, njano kabisa, katikati ya ule udongo wa mama yake.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nini. Na pale kwao mtu hatupi kitu kaburini hivi hivi. Unachomtupia marehemu ndicho unachomwambia. Halafu kijana mmoja wa makoleo akapiga yowe.

"Anamfuata mpaka huku! Maiti! Anampiga hata maiti!"

Watu wakasukumana. Penina alipiga kelele akafunika uso kwa kanga. Makoleo yakanyanyuka, mchungaji akaingia katikati na kanzu yake, mikono juu, "Tulieni, jamani, tulieni, tuko mbele za Mungu." Gadiel alikuwa ameshika ile leso tupu, anageukia huku na huku.

"Nilisahau! Haki ya Mungu nilisahau! Bastola iko polisi, tazameni, karatasi hii hapa!"

Aliitoa karatasi akainyoosha kwa watu. Hakuna aliyeipokea. Hebu niambieni, nyie mngeipokea? Mimi nimewaeleza yote tangu mwanzo na najua alisahau, lakini wale pale walichokiona ni mtu aliyekataa kupekuliwa saa moja iliyopita.

Yule mzee aliyevua kofia akaivaa tena. Alimgeukia mama.

"Mama Sifael. Ulituambia hana kitu."

Kelele zote zikafa. Yule mama alisimama ukingoni mwa kaburi la mwanawe mkubwa, anatazama chini. Aibu ilimpanda usoni, kila mtu aliiona, mwanamke ambaye kijiji kizima hakijawahi kumkuta na neno la uongo. Hatimaye aliongea bila kumtazama Gadiel.

"Shuka uzitoe."

"Mama..."

"Sifael hatalala na hizo. Shuka."

Gadiel alivua viatu, akajishusha. Soksi moja ilikuwa na tundu kisiginoni. Kaburi lilikuwa limechimbwa la kumtosha mtu mmoja, pembeni hapana nafasi ya unyayo, hivyo akakanyaga mahali pekee palipokanyagika, yaani kifuani kwa kaka yake. Mbao zikalia. Juu, watu wakavuta pumzi. Alipiga magoti akaokota moja, mbili, tatu, nne, tano. Ya sita ilikuwa imetumbukia ubavuni, kati ya jeneza na ukuta wa udongo. Akalala kifudifudi juu ya jeneza, shavu limegusa mbao, akachomeka mkono mpaka begani akawa anapapasa. Waliosimama karibu walisikia anasema kitu, pale pale amelala, mdomo juu ya mbao. Maneno yenyewe hawakuyapata, na hakuna aliyeuliza.

Aliipata. Akasimama, koti jekundu kwa udongo, risasi sita kiganjani. Kaburi lilimzidi kichwa kidogo. Mama yake alikuwa ameichukua ile sahani ya bati mikononi mwa Ndeshi, akainama kwa taabu, akaishusha.

"Weka humu."

Akaziweka. Mama akainyanyua ile sahani, akampa mzee wa kofia. "Zipelekeni polisi na karatasi yake," alisema. "Na shamba atalisimamia Penina mwenyewe. Nilikosea, wazee wangu. Nimekosea mbele yenu."

Gadiel aliinua mikono yote miwili ukingoni, akasubiri kuvutwa. Alimtazama Ndeshi. Ndeshi alitazama migomba. Alimtazama mama yake, akamwita kama alivyokuwa akimwita utotoni, "Mama," mara moja tu.

Mama Sifael alijifunga kanga vizuri. Akawageukia vijana.

"Fukieni."

Vijana walitazamana. "Bibi," mmoja alisema, "bado yumo."

"Anajua njia ya kutokea. Nimesema fukieni, jua linashuka na mwanangu hajafunikwa."

Koleo la kwanza lilimwagwa upande wa miguuni, la pili likafuata karibu zaidi. Gadiel akaanza kupanda mwenyewe kwa viwiko, huku udongo unamwingia kwenye soksi, na kwaya ikaanza wimbo wa pili.